Nilikwenda Kikazi, Nikarudi Mposaji

Nyumbani kwetu Mji Mkongwe nilisifika kwa mdomo. Ukitaka habari yako ienee mpaka mtaa wa Malindi kabla ya adhuhuri, unaniambia mimi asubuhi na kunisihi nisimwambie mtu. Shangazi zangu walikuwa wakinyamaza nikiingia ukumbini, na mama aliniita redio isiyokuwa na swichi. Basi mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, siku niliporudi nyumbani kuwatangazia kwamba nimepata kazi ya kutunza siri za watu, dada yangu alicheka mpaka akakaa chini. Mama hakucheka. Aliuliza hao walioniajiri wametoka nchi gani.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kulikuwa na mradi wa afya uliokuwa na data za aina mbili. Za kwanza zilitoka kliniki moja ya mjini: nani ametibiwa, lini alikuja, lini aliacha kuja. Za pili zilikusanywa nyumba kwa nyumba huko shamba: nani anakaa wapi, umri wake, baba yake nani. Nilipewa kompyuta na programu, nikaambiwa nizioanishe, yaani nijue huyu wa kliniki ndiye yupi huko kijijini. Nikishampata, jina linaondolewa, mtu anabakia namba, na wakubwa wanaosoma takwimu hawaoni jina la mtu yeyote. Waliojua namba fulani ni ya nani walikuwa wawili tu: mimi na mkubwa wangu, daktari wa kike, mtu mzima mwenye miwani na maneno machache. Aliniapisha kwa msahafu, kisha akanisainisha karatasi, kwa sababu alishasikia habari zangu.

Kichwa kilinivimba. Babu yangu alikuwa na mikarafuu, baba akawa na duka la vitambaa, mimi nilikuwa na kipanya cha plastiki chenye waya, lakini ungenisikia barazani ungedhani nimerithi kisiwa kizima. Watu wakiniuliza nafanya nini, nilikuwa najibu polepole, nikiangalia pembeni: "Siruhusiwi kusema." Niliipenda sana sentensi hiyo. Nadhani niliipenda kuliko mshahara.

Programu ilikuwa hodari, ila haikuzaliwa Unguja. Huko ilikotoka, inaonekana watu wana majina ya kutosha. Kwetu mtoto hupewa jina la babu, na ndugu yake naye anampa wa kwake jina hilo hilo la babu, na hivyo hivyo mpaka ukiita jina moja sokoni Darajani, nusu ya wauza samaki wanaitika naam. Programu ikawa inatoa alama. Alama zikiwa nyingi, ni mtu mmoja. Zikiwa chache, ni watu mbalimbali. Zikiwa za katikati, inakuachia binadamu aamue, na binadamu mwenyewe ndiye mie.

Siku moja ikaniachia wanawake wawili. Wa kliniki alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, aliyeanza dawa kisha akapotea kabla hajafika nusu. Wa kijijini alikuwa na baba yule yule, shehia ile ile, umri ule ule, lakini jina lake lilikuwa jingine kabisa, halifanani hata herufi. Programu ilikuwa imeduwaa. Mimi sikuduwaa, kwa sababu mimi mwenyewe nilibadilishwa jina nikiwa na miaka minne. Nilikuwa naugua homa haziishi, wazee wakasema jina limenikataa, wakanipa hili nililo nalo. Lile la kwanza mtu akilitaja hata leo, mama anasoma dua. Na si watoto tu. Mtu mzima akikonda ovyo ovyo, bibi yake ataanza kulitilia jina shaka kabla ya kitu kingine chochote.

Nikampelekea daktari. Akavua miwani, akasoma, akavaa tena.

"Huyu ni mmoja," akasema. "Na kama ni mmoja, yuko hatarini."

Maradhi siyataji, kijiji sikitaji, na mambo mawili matatu nimeyageuza kwa makusudi, kwa hiyo ukidhani umemjua, si yeye. Inatosha kusema kwamba dawa zake ni za miezi mingi. Ukiziacha katikati unapata nafuu, unajiona mzima, unamshukuru bibi yako kwa jina jipya, halafu maradhi yanarudi yakiwa yameshazizoea dawa. Asipoanza tena atakufa, daktari alisema hivyo hivyo bila kuzunguka. Na ikijulikana kijijini anaumwa nini, hapati mume, na kikombe chake kitawekwa mbali na vya wenzake maisha yake yote.

Ikabidi mtu aende. Kumtuma mhudumu wa afya wa upande ule hakukuwezekana, kwa sababu baiskeli yake inajulikana. Ikiegemezwa kwenye nyumba, majirani wanajua ndani mna nini. Gari la mradi lina nembo mlangoni. Kumpitia sheha, mkuu wa kijiji, ni sawa na kutangaza kwa kipaza sauti.

"Nenda wewe," daktari akaniambia. "Hakuna anayekujua kule. Utamwambia yeye mwenyewe tu. Si baba yake, si mama yake, si sheha. Na usitaje kliniki."

"Nshafahamu, daktari," nikasema. Sikuwa nimefahamu kitu.

Nikachagua Ijumaa, kazi zinapofungwa mapema. Na kwa kuwa ni Ijumaa, nikavaa kanzu mpya na kofia ya kiua, ili nisali huko huko. Mama aliposikia nnakwenda shamba kikazi akanikabidhi kikapu cha halua, akasema mtoto wake hendi kwa watu mikono mitupu. Nikaazima vespa ya jirani, nikajifukiza udi kwa ajili ya msikiti, nikaondoka. Sasa wewe msomaji uliyetulia hapo ulipo nshakwambia yote: bwana wa mjini, hajaoa, kanzu mpya, udi, halua. Unaona kinachokuja. Mie niliyesomea mambo ya kuoanisha sikuona.

Baada ya sala nikawauliza wanaume nje ya msikiti nyumba ya mzee fulani iko wapi. Nikaongeza, kwa usahihi wa kikazi, kwamba ni yule mwenye binti mkubwa. Wakatazamana.

"Unamtaka mzee au unamtaka binti?" mmoja akaniuliza.

"Mzee kwanza," nikajibu. Wallahi nilijiona mwerevu.

Walinisindikiza watu wazima watatu. Mmoja alinipokea kikapu, akakibeba mbele kwa heshima. Wanawake walitoka milangoni, watoto wakafuata. Nikasema moyoni, tazama ukarimu wa watu wa shamba, sisi wa mjini tumeupoteza.

Baba yake alikuwa mtu wa asili ya Tumbatu, muuza mbao na kamba, mpole wa sauti. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, tukakaa barazani. Kwa kuwa sikuruhusiwa kusema nimefuata nini, nikaona bora nithibitishe kwanza kama nimempata mtu mwenyewe. Nikauliza binti yake ana umri gani. Akanijibu. Nikauliza jina lake tangu kuzaliwa ni hili hili. Akasema lilibadilishwa mwaka jana, bibi yake hakulipenda la kwanza. Roho ikaniruka kwa furaha, nami sikuificha. Nikauliza afya yake ikoje siku hizi. Akasema alhamdulillahi. Nikauliza kama aliwahi kukaa mjini. Akasema ndiyo, Mpendae, kwa shangazi yake, akijifunza cherehani, ila alikonda, wakamrudisha. Kila swali lilimfanya yule mzee azidi kuchangamka, na wale watatu wakazidi kusogea.

Mwisho akanigeukia.

"Wewe kijana, huna wazee?"

"Ninao, mzee."

"Hawawezi kutembea?"

"Wanatembea, mzee, wazima kabisa."

"Basi mbona umekuja peke yako, kama mtu anayekuja kununua mbuzi?"

Hapo ndipo kichwa changu, kilichokuwa kikioanisha watu wa kisiwa kizima, kilipooanisha kanzu na halua na maswali. Nilihisi joto limenipanda kuanzia shingoni mpaka juu kwenye upara. Ningeweza kukataa. Lakini ningekataa niseme mimi ni nani? Mwanamme wa mjini asiyejulikana, anayeuliza afya ya mtoto wa kike wa mtu, na wala hataki kumuoa. Jibu lingekuwa moja katika mawili: ama nipigwe, ama niseme kweli. Kweli nilikuwa nimeiapia.

"Samahani, mzee," nikasema. "Ni haraka ya ujana."

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa na upara huo. Mmoja wa wale watatu akainamisha uso akacheka ndani ya kofia yake.

Mzee akakohoa kidogo, akaita ndani waniletee kahawa, ili nami nionyeshwe binti. Akatoka yeye binti, na bibi yake nyuma yake kama askari. Mwembamba, macho makubwa yasiyoniangalia. Nikajua hiyo ndiyo nafasi yangu pekee, na hata hiyo nusu yake ni ya bibi. Nikasema bila kumtazama:

"Wale wa mjini uliokuwa ukiwaendea Jumatatu wanakusalimu. Wanasema uliondoka mapema."

"Nani hao?" bibi akauliza.

Mkono ulioshika dele, lile birika la kahawa, ukasimama. Kisha binti akajibu bila kupepesa jicho: "Wale wa cherehani, bibi. Sikumaliza mafunzo."

"Ukimaliza ndiyo vizuri," bibi akasema. "Mwanamke aolewe na kazi yake mkononi."

"Tatizo ni kwamba ukikatisha," nikasema, "wanakuanzisha upya."

Ndipo aliponitazama. "Upya, mwanzo kabisa?"

"Mwanzo kabisa."

Akaweka dele chini. Machozi yalimjaa, akayazuia, na bibi akaridhika sana maana alidhani ni haya ya posa. Mimi nilijua ni ya nini, nikaona vibaya kujua. Nilikuwa nimekaa na taarifa zake wiki nzima, tarehe zake na uzito wake, na haikunipitia kwamba kuna mtu ataweka dele chini namna ile.

Siku chache baadaye simu ya ofisini, ambayo namba yake nilimwachia mzee, ikalia. Alikuwa kaka yake binti, aliyefanya kazi hotelini Kendwa, kwenye simu ya mapokezi. Akaniambia baba yao hakutaka kabisa dada yake arudi mjini kwa ajili ya cherehani, lakini kwa ajili ya posa amekubali. Atakaa Mpendae kwa shangazi yake ili mama yangu apate kumwona kwa nafasi. Wazee wangu wanakwenda lini?

Nikamweleza daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaenda dirishani akanipa mgongo, mabega yakawa yanamtikisika. Nilidhani analia kwa aibu ya mradi. Kumbe anacheka.

"Nilikwambia usitaje kliniki," akasema alipoweza. "Sikukwambia ukapose."

"Sasa nifanye nini?"

"Atakunywa dawa?"

"Atakunywa."

"Basi kapose."

Mama yangu alilia kwa furaha. Nilimwambia nimemwona msichana shamba nikampenda, na yeye, aliyekuwa hashindwi kunikamata nikimdanganya bei ya mkate, akaliamini hilo zima zima. Akaenda Mpendae na shangazi zangu wawili, akarudi akisema mtoto ana adabu na ana maneno, ila ale kidogo anenepe. Wazee wakaenda kijijini, wakajibiwa subirini, binti amalize kwanza mafunzo yake. Wakasema ni familia ya watu makini.

Ikaanza miezi ya ajabu. Kila Jumatatu asubuhi yeye alikuwa akienda "cherehani", anapitia kliniki kwanza. Kila Ijumaa mimi nilikwenda Mpendae kukaa na shangazi yake ukumbini kama mchumba wa heshima, nikila kaimati, huku yeye akishona kweli kweli pembeni, mlango wazi. Shangazi mtu hakujua kitu. Mazungumzo yetu yalikuwa ya mafunzo. Nikimuuliza mwalimu anasemaje, anasema, "Mwalimu ameridhika, nimeongeza kilo mbili." Shangazi mtu akasema ni mwalimu gani wa cherehani anayepima watu kilo, naye akajibu, "Ndiyo, shangazi, asiye na mwili hajui kukata magauni ya wenye mwili." Nilikuwa nnakwenda nyumbani nikicheka peke yangu barabarani.

Siku moja shangazi alipoingia jikoni, binti, niliyekwisha kumweleza kwamba ofisini kwetu yeye ni namba, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Namba yangu ngapi?"

"Siruhusiwi kusema."

"Hata mimi mwenyewe?"

Jumatatu nikazisoma kanuni zote za mradi kutafuta kama mtu anaruhusiwa kujua namba yake mwenyewe, na hazikusema neno. Walioandika hawakufikiri kwamba namba inaweza kuuliza. Ijumaa nikamwambia hivyo, akaweka sindano mdomoni asicheke. "Basi usiniambie," akasema. "Nitajipangia mwenyewe."

Nilikuwa nshapotea. Ndugu zangu, mimi niliyeingia katika jambo lile kwa ujinga nikabaki kwa kiapo, nikajikuta Alkhamisi nanyoa, napiga pasi, naulizia kaimati za Mpendae kama mtoto anayesubiri Idi. Redio ya nyumba nzima ilikuwa imezimika. Dada yangu akaniuliza kama naumwa.

Siku binti alipomaliza dawa, daktari aliniita akanionyesha kwenye kompyuta. Amepona. Nilimwomba ruhusa nitoke mapema, akavua miwani, akasema nenda. Nadhani alijua kuliko mimi.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba ya shangazi yake, anafumua pindo. Amenawiri, mashavu yamejaa. Nikampa hongera. Halafu, kwa kuwa sikuwa na halua wala wazee wala busara, nikamwambia kwamba nataka lile jambo sasa liwe kweli. Nikamwambia nampenda. Nilisema hivyo hivyo, na sauti ikanikatika katikati kama ya kijana anayebaleghe.

Hakushangaa. Aliendelea kufumua.

"Nilijua utasema," akasema. "Nimelia jana kwa sababu nilijua."

"Basi?"

"Basi haiwezekani." Akaiweka nguo magotini. "Kule kliniki wanaona watu wengi, watanisahau. Bibi hajui, baba hajui, shangazi hajui. Mtu anayejua ni wewe. Nikikohoa usiku kwa vumbi tu, utaamka. Mtoto wangu akikonda, utanitazama. Hutasema, najua, wewe mtu mwema. Lakini utanitazama. Nataka niolewe na mtu asiyejua, na mimi nisahau."

Nikamwambia nitasahau. Hata yeye alitabasamu.

Ikabaki namna ya kuivunja posa. Mimi nikijitoa, kijiji kitauliza binti ana nini, na watu hawachoki kuuliza swali kama hilo. Kwa hiyo ikabidi anikatae yeye, tena kwa sababu zangu mimi. Alizipanga mwenyewe, akanisomea nizikubali: kwamba mdadisi, nauliza mno, kwamba nilikuja mara ya kwanza bila wazee, mtu asiyefunzwa adabu, na kwamba nina upara. Nikasema la upara si lazima. Akasema ni lazima, bibi yake hataamini bila hilo. Nikakubali yote matatu. Baba yake aliwaandikia wazee wangu kwa heshima kubwa, na nilisikia kwamba msikitini kwao nilizungumzwa Ijumaa mbili tatu, kila mtu akikumbuka kwamba tangu mwanzo alinitilia shaka.

Ofisini niliendelea na kazi yangu ya kuondoa majina. Kanuni zile zilimlinda na kila mtu duniani isipokuwa mimi, na hapo alijilinda mwenyewe. Simlaumu. Usiku wa barua ile niliumia vibaya, na sikuwa na mtu wa kumwambia, mimi ambaye sijawahi kukosa.

Mama alikuwa na hasira kwa niaba yangu, hasira ya mama, isiyotulizika. Alikaa nami ukumbini taa imewashwa, kikombe cha chai mkononi, shangazi zangu wawili wakisikiliza mlangoni.

"Upara si sababu," akasema. "Baba yako alinioa nao. Udadisi si sababu. Yule mtoto alikupenda, nilimwona kwa macho yangu. Amekukataa kwa lipi hasa?"

Jibu nilikuwa nalo, kamili.

"Sijui, mama," nikasema.